Nyumba ya Kabwela na Kalamu ya Msanifu

Suala la nyumba huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni suala la ufundi tu. Tunaambiwa kwamba miji yetu ina nyumba mbovu, kwamba wapo wataalamu waliosomea kazi ya kubuni nyumba bora, na kwamba kinachokosekana ni fedha za kuwalipa na saruji ya kuwapa. Mtazamo huu si sahihi. Ramani ya nyumba, kabla haijawa karatasi yenye mistari na vipimo, ni uamuzi juu ya nani ataishi karibu na nani, nani atatembea kwa miguu saa mbili kwenda kazini, nani atakuwa na mlango wake wa kufunga na nani hatakuwa nao. Uamuzi huo msanifu haufanyi peke yake. Unafanywa kwanza na yule anayemtuma. Kwa hiyo anayetaka kuikosoa kazi ya wasanifu majengo katika nchi yetu hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyewatuma, ndipo aje kwenye uzuri au ubaya wa kuta zao.

Tuanze Kimamba, wilayani Kilosa. Msomaji anaweza kushangaa, maana Kimamba haitajwi katika vitabu vya usanifu. Ni mji mdogo uliokua kando ya Reli ya Kati, katikati ya mashamba ya mkonge. Lakini hapo hapo ndipo panapoonekana wazi jambo ambalo mjini Dar es Salaam hufichwa na rangi na vioo. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na pale ilipopita, mlowezi alifuata akichukua ardhi kwa ekari maelfu. Ardhi bila jasho haizai kitu. Basi wakaletwa manamba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyowakusanya watu kutoka Kigoma, Njombe, Songea na hata nje ya mipaka ya Tanganyika, wakasafirishwa kama mizigo hadi mashambani.

Manamba hao walilazwa wapi? Katika kambi. Na kambi ya mkonge ilikuwa na ramani yake. Vyumba vilipangwa mstari mmoja, mlango kwa mlango, vikitazamana na mstari mwingine, ili nyapara asimame mahali pamoja alfajiri na kuona nani ametoka na nani amebaki. Chumba kilipimwa kwa mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, kwa sababu mwajiri alinunua mikono miwili tu. Mke na watoto walibaki kijijini wakilima chakula, na kwa njia hiyo kijiji kikawa kinalipa nusu ya gharama za kumtunza mfanyakazi ambaye faida yake ilikwenda London na Hamburg. Tena chumba kilikuwa mali ya shamba. Aliyefukuzwa kazi asubuhi hakuwa na pa kulala jioni. Tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba katika kambi ya mkonge nyumba ilikuwa sehemu ya mashine, kama ilivyokuwa korona ya kusindika mkonge. Hiyo ndiyo maana ya usanifu wa kitabaka, na haukuhitaji msanifu mwenye shahada.

Mwezi Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ilitaifishwa. Lilikuwa tendo la haki. Lakini hapa hatuna budi kusema kweli. Mwenye shamba alibadilika. Mistari ya vyumba haikubadilika. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye kiburi na ukataka wananchi washirikishwe katika kupanga mambo yao, na wafanyakazi katika viwanda na mashamba mengi walizitumia ibara zake kudai heshima. Hata hivyo kambi iliyochorwa kwa ajili ya manamba iliendelea kumlaza mfanyakazi wa shirika la umma, na chumba kikaendelea kufungwa na kazi. Baadaye bei ya mkonge ilianguka kwa sababu ya nyuzi za viwandani, uzalishaji wa nchi ukashuka kutoka tani zaidi ya 200,000 katikati ya miaka ya 1960, na katika miaka ya 1990 mashamba yakauzwa kwa watu binafsi. Mfanyakazi aliyezeeka kambini akajikuta si mwajiriwa, si mpangaji, si mwenye kiwanja. Kosa halikuwa kutaifisha. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ukishabadili hati ya shamba umekwisha kubadili mahusiano ya watu waliomo ndani yake.

Sasa tutazame Dar es Salaam. Mpango mkuu wa mwaka 1949, uliochorwa na ofisi ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza, uligawa mji kwa kile kilichoitwa ujazo: maeneo ya watu wachache yenye bustani, maeneo ya kati, na maeneo ya msongamano. Maneno hayo ni ya kitaalamu na hayana rangi. Lakini kila mkazi wa Dar es Salaam alijua tafsiri yake: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Hili ni somo kubwa kwa mwanafunzi wa siasa. Ubaguzi uliokuwa unaanza kuona haya kutaja jina lake ulijificha ndani ya hesabu ya nyumba kwa ekari. Tulipopata uhuru tuliwafuta wabaguzi, lakini ujazo ulibaki katika ramani, na hadi leo mtoto wa kigogo na mtoto wa kabwela wanatenganishwa na ukubwa wa kiwanja. Inafaa kukumbuka pia kwamba mpango mkuu wa mwaka 1968 ulichorwa na ofisi ya Kanada, wa mwaka 1979 ofisi nyingine ya Kanada, na hata mpango wa mwaka 1976 wa Dodoma, mji uliokusudiwa kuwa kielelezo cha Ujamaa, ulitoka Toronto. Sisemi kwamba Mkanada hawezi kuchora vizuri. Ninasema kwamba taifa linalojitegemea kwa kauli, huku likiagiza ramani ya makao yake makuu, lina jambo la kujieleza.

Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, na miaka ile ya mwanzo shirika lilipewa kazi ya kuondoa vibanda. Magomeni na kwingineko nyumba za udongo na fito zilibomolewa, zikajengwa za matofali ya saruji. Picha zilipendeza. Lakini sehemu kubwa ya nyumba hizo mpya ilichukua tu nafasi ya zile zilizobomolewa, na mji ulikuwa unapokea watu kila siku. Engels alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1872 alipoandika juu ya suala la makazi: bepari halimalizi tatizo la vibanda, hulihamisha mtaa wa pili. Sisi hatukuwa mabepari, lakini tinga halisomi itikadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sera ikabadilishwa. Badala ya kubomoa, ikaamuliwa kuyaboresha maeneo kama Manzese kwa barabara, mifereji na maji, na kupima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliotiwa sahihi mwaka 1974. Kwa maoni yangu huu ulikuwa uamuzi bora kuliko wote tuliofanya kuhusu nyumba, kwa sababu ulikiri kwamba mjenzi mkuu wa miji yetu ni mwananchi mwenyewe. Udhaifu wake ulikuwa katika masharti. Kiwanja kilipimwa kwa ajili ya mtu wa kipato cha chini, lakini aina ya nyumba iliyotakiwa na mkopo wa kuijenga vilimfaa zaidi karani na ofisa. Leo atembeleaye Sinza ataona mwenyewe nani alishinda.

Na juu ya saruji: Mwalimu Nyerere, akipima mwaka 1977 miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwakemea Watanzania kwa kung'ang'ania saruji na mabati huku udongo mzuri na vigae vikidharauliwa, akauita mwelekeo huo aina ya kupooza kwa akili. Kitengo cha utafiti wa majengo kilikuwa kimeanzishwa miaka michache kabla ya hapo, na mrithi wake bado anafundisha kutengeneza matofali ya kufungamana yanayotumia saruji kidogo. Utaalamu basi tunao. Lakini ofisi za wasanifu hazikuupokea kwa mikono miwili, na sababu yake si siri. Kwa desturi ya kazi hiyo malipo ya msanifu huhesabiwa kwa asilimia ya gharama ya jengo. Nani atajikata mwenyewe?

Kuna mfano unaoonyesha kwamba kalamu ya nyumbani inaweza kuandika vizuri. Beda Amuli, aliyesomea usanifu Israel na kufungua ofisi yake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, ndiye aliyechora Soko la Kariakoo. Paa la soko lile ni la miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua, na chini yake hewa inapita na watu wanapita, kama ilivyo katika soko la wazi chini ya miti. Moto wa Julai 2021 uliunguza sehemu ya jengo lakini haukuunguza wazo hilo. Amuli hakuanza na picha ya jengo. Alianza na namna watu wanavyouza na kununua. Mtu angetegemea kwamba nyumba zingefuata njia hiyo hiyo.

Tuje basi Magomeni Kota, kazi ambayo kwa hakika inastahili kujadiliwa kwa kina na makada. Nyumba za zamani zilikuwa kota za enzi ya ukoloni. Wakazi walihamishwa mwanzoni mwa muongo wa 2010 kupisha ujenzi mpya, ujenzi ukakwama, wakatawanyika mjini wakipanga vyumba. Oktoba 2016 Rais Magufuli aliamua Wakala wa Majengo ujenge maghorofa kwa fedha za Serikali, na kwamba kaya 644 zirudi, zikae miaka mitano bila kodi, kisha zipewe nafasi ya kununua. Tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliyazindua majengo hayo. Jambo la kwanza la kusema ni sifa: waliotoka ndio waliorudi. Katika historia ya kuhuisha miji, si hapa kwetu tu, hilo ni nadra. Paris ya Haussmann haikuwarudisha wafanyakazi wake. Kariakoo yenyewe, ambako nyumba za Kiswahili zimegeuka maghorofa ya biashara kwa nguvu ya soko huria, haikuwarudisha wengi.

Lakini ukosoaji hauishii kwenye sifa. Nyumba ya Kiswahili, ile yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na uani nyuma, haikuwa mahali pa kulala tu. Ilikuwa nyenzo ya uzalishaji. Chumba kimoja kilipangishwa na kodi ikasomesha mtoto. Uani mama alikaanga maandazi ya kuuza. Barazani fundi cherehani aliweka meza yake. Msiba ulipotokea, turubai lilifungwa mbele ya mlango na mtaa mzima ukalala hapo. Ghorofa la vyumba viwili, lenye ngazi na lifti, linampa mkazi choo cha ndani na maji ya bomba, na mwenye kudharau hayo hajawahi kuchota maji ya kisima. Wakati huo huo linamnyang'anya baraza, linamnyang'anya uani, na linamletea gharama za kutunza lifti, taa za ngazi na pampu. Kabwela anapewa nyumba ya tabaka la kati bila mshahara wa tabaka la kati. Miaka mitano ya bure ikishapita, wakati wa kulipa ukifika, nini kitamzuia kuuza kwa anayeweza na kuhamia pembezoni, kwa hiari yake kama wasemavyo? Msanifu aliyeyajua maisha haya angeweza kuweka mabaraza mapana kila sakafu, vibanda vya kazi chini, mahali pa kupikia shughuli, chumba chenye mlango wa nje cha kupangisha. Si mambo ya ghali. Ni mambo ambayo hayamo katika vitabu vya mfano, na mkazi hakukaa mezani yalipokuwa yanaamuliwa.

Mwenye shaka juu ya umuhimu wa kukaa mezani aitazame Kigamboni. Mpango wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008 ulikuja na michoro ya kupendeza kutoka ng'ambo, na kwa miaka mingi wananchi walizuiwa kuendeleza viwanja vyao wakisubiri. Mji haukuja, na wakala uliokuwa umeundwa kuusimamia ukavunjwa.

Yote haya yanaihusu Kimamba moja kwa moja. Mto Mkondoa ulipobomoa kingo zake mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu ya watu wa Kilosa walikosa makazi, reli ikasombwa, na familia zikaishi katika mahema. Tangu mwaka 2024 treni ya reli mpya inakwenda hadi Dodoma ikiwa na stesheni Kilosa. Penye stesheni ardhi hupanda bei, na penye bei hufika mchora ramani. Kimamba ni mamlaka ya mji mdogo. Ina kata mbili, Kimamba A na Kimamba B, zenye vikao halali vya wananchi. Kabla ofisi yoyote ya usanifu haijaalikwa, vikao hivyo vina kazi isiyohitaji shahada: kuhesabu nani anakaa wapi, pamoja na mpangaji wa mpangaji ambaye kwa kawaida hahesabiwi, kuonyesha maji ya mafuriko hufika wapi, na kueleza hatima ya waliozeeka katika kambi za mashamba, ambao hata tofali moja la kuongeza jiko hawawezi kulitia ukutani bila ruhusa ya mtu ambaye hawajapata kumwona.