Voliumu Mbili Zilizopishana

Mtu wa kwenye kioo alikuwa anatembea peke yake. Mwanangu alikuwa ameondoa vidole vyote kwenye mashine na kuilaza juu ya meza ya fundi ili ushahidi uonekane, na yule mtu akaendelea kwenda mbele taratibu mpaka akagonga ukuta, akabaki hapo anapiga hatua mahali pamoja.

"Ilianza ghafla, au kidogo kidogo?" fundi akamwuliza mtoto. Mashine yenyewe alikuwa bado hajaigusa.

"Kidogo kidogo. Shikamoo." Salamu ilikuwa imechelewa, akaikumbuka katikati ya jibu.

"Marahaba. Ukiizungusha zungusha jostiki inatulia?"

"Inatulia, halafu inarudia."

Fundi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jina la ndugu yake. "Basi ni ugonjwa wa redio ya babu yako."

Tulikuwa Kariakoo, chini ya ngazi za ghorofa moja, kwenye meza isiyozidi upana wa mlango. Mashine ni ya gemu za kushika mkononi. Mjomba wa mwanangu aliileta alipokuja likizo kutoka Muscat. Asubuhi ile, kwenye duka lenye kiyoyozi, tulikuwa tumeambiwa haitengenezeki, tununue nyingine. Fundi tulipomsimulia hayo hakusema neno. Alifuta miwani yake kwa pindo la shati, akachomoa bisibisi nyembamba.

Huyu mzee alianza na redio kaseti, kabla ya simu za mkononi kujaa mitaani, na kwa mfano wa redio hizo ndivyo alivyotueleza jostiki. Ndani ya kile kitufe cha kuongezea sauti, alisema, kuna njia ya kaboni, nyeusi, na ulimi mdogo wa chuma unaotambaa juu yake. Umeme ukipita kwenye kaboni ndefu hupungua. Ukipita kwenye fupi hutoka na nguvu. Ulimi ukisogea, sauti inapanda au inashuka. Miaka ikienda, vumbi linaingia na kaboni inalika, na redio inaanza kukwaruza. Nikamkumbuka baba yangu saa ya taarifa ya habari, akikizungusha kile kitufe huku na huku, shingo kaiinamisha, akitafuta mahali pasipokwaruza.

"Sasa jostiki," fundi akasema, "ni voliumu mbili tu, zimepishana. Moja ya mbele na nyuma, moja ya kushoto na kulia."

Mashine haioni kidole gumba. Inachojua ni kiasi cha umeme kinachoifikia, na hicho ndicho inachokiamini. Kaboni ikilika, au unga wake ukitapakaa chini ya ulimi, kipimo kinahama, na mashine inadhani kuna mtu anasukuma. Ndiyo maana yule mtu alikuwa anatembea: kwa hesabu za mashine, mwanangu alikuwa bado ameshika.

Kifungo cha msalaba kilichokuwa jirani na jostiki hakikuwa na tatizo lolote. Kifungo cha namna hiyo alikibuni Gunpei Yokoi wa Nintendo kwa ajili ya gemu ya mkononi ya Donkey Kong ya mwaka 1982, na tangu hapo kazi yake ni kujibu swali moja: nimebonyezwa, sikubonyezwa. Jostiki huulizwa swali gumu zaidi: kiasi gani? Anayeulizwa kiasi lazima apime, na anayepima kwa kusugua, siku moja atalika.

Kabla ya kufungua, fundi alichukua kipande cha karatasi, akachora umbo la mgongo wa mashine, akabandika juu yake gundi ya karatasi yenye kunata pande zote mbili. Kisha akaanza kutoa skrubu. Zile za nje vichwa vyake vina miguu mitatu, za ndani zina msalaba wa kawaida. Kila iliyotoka aliisimamisha kwenye mchoro, mahali palepale ilipotoka. Mwanangu akauliza kwa nini asizitie zote kwenye kifuniko cha soda.

"Hazilingani urefu. Ndefu ukiitia kwenye tundu la fupi, unaikaza, unaikaza, inatokea upande wa pili. Umetoka kutibu kidole, umetoboa tumbo."

Kifuniko kilipolegea hakukivuta. Alikifungua kama kitabu, kwa sababu alijua kuna utepe mwembamba unaounganisha pande mbili. Kwanza akachomoa betri. Kisha akaja kwenye utepe wa jostiki, ambao mwisho wake umeingia kwenye kilango cha plastiki kisichozidi upana wa punje ya mchele. Hapo ndipo wengi wanapovunja, alisema, maana wanavuta utepe kilango kikiwa kimefungwa. Akakinyanyua kwa ncha ya kibano, kikasimama wima, na utepe ukatoka wenyewe bila kulazimishwa.

Nilikuwa nimemwuliza kama haiwezekani kuisafisha tu. Inawezekana, alijibu: tone la spiriti chini ya kile kimwavuli cha mpira, uizungushe, na itapona. "Lakini mama, utarudi. Spiriti inaondoa vumbi. Kaboni iliyolika hairudishi." Akaweka mbele yetu jostiki mbili mpya, zimefanana kama mapacha. Moja ni ya kaboni kama ya mwanzo. Ya pili haina kaboni kabisa: ina sumaku inayosogea karibu na kihisio bila kukigusa. Kanuni yake aliigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, muda mrefu kabla mtu yeyote hajafikiria gemu. Kisichogusana hakisuguani. Ilikuwa ghali zaidi. Mtoto alinitazama, nami nikaitazama pochi yangu, tukachukua ya sumaku.

Katikati ya kazi alikuja kijana wa banda la gemu la mtaani kuulizia pedi yake, na fundi akatuomba radhi kwa dakika chache. Pedi ile ni kubwa, na jostiki yake haikushikwa kwa utepe. Ina miguu 14 iliyolehemiwa kwenye bodi. Miguu yote lazima ilegee ndipo itoke. Nilidhani ataibana kwa moto mkali. Kumbe alianza kwa kuongeza lehemu, tone moja kila mguu, kana kwamba anaikaza zaidi. Lehemu nyingi za kiwandani siku hizi hazina madini ya risasi, hasa tangu Umoja wa Ulaya ulipoyazuia kwenye vifaa vya umeme mwaka 2006, na huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 217. Ile ya zamani, aliyonayo yeye kwenye gurudumu lake, huyeyuka kwenye 183. Ukizichanganya, ile ngumu inalainika kabla bodi haijaungua. Akainyonya kwa pampu yake ndogo, tundu baada ya tundu. Jostiki ikadondoka kiganjani kwa uzito wake yenyewe.

Nikaona kwamba katika saa nzima ile hakuna kitu alichokivuta. Kila kitu kilitoka baada ya yeye kukifanya kiwe tayari kutoka. Nguvu zake zote zilikuwa kwenye kungoja.

Kufunga kulichukua muda kuliko kufungua. Utepe uliingia, kilango kikalala, akaugusa kidogo kwa kibano kuhakikisha umeshika. Betri. Kifuniko. Skrubu zikaondoka kwenye karatasi moja moja, na kila iliyoondoka iliacha alama ya duara kwenye gundi. Alipomaliza akatuonyesha karatasi tupu. "Skrubu ikibaki mezani, kazi haijaisha."

Mwisho akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio, pahali penye duara na nukta katikati. Mashine ilikuwa bado na kumbukumbu ya jostiki ya zamani, hivyo ilibidi kuifundisha upya katikati ni wapi na ukingoni ni wapi. Akampa mtoto aizungushe. Nukta ikafuata ukingo wa duara, na alipoachia ikarudi katikati na kutulia. Tukaitazama sote watatu isivyofanya kitu.

Fundi aliifunga jostiki ya zamani kwenye kijikaratasi, akampa mtoto pamoja na mashine. Ndani ya daladala, nikidhani atacheza, mwanangu aliiacha mashine kwenye begi, akaibandua ile jostiki mbovu kwa ukucha na kuigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. Njia mbili nyeusi za kaboni zilionekana wazi, na juu yake mikwaruzo inayong'aa pale ulimi ulipopita.

"Mama, hii ya mbele na nyuma imelika kuliko ya pembeni."

"Kwa nini?"

Akafikiri mpaka tukapita kituo kizima. "Kwa sababu mimi nakimbia tu," akasema. "Sikwepi."