Kanumba na ufundi wa kibanda umiza

Steven Kanumba ni mtoto wa Shinyanga. Alizaliwa Januari 8, 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, kisha Sekondari ya Mwadui kwenye mji wa almasi, ndipo akahamia Dar es Salaam. Alifariki Aprili 7, 2012, akiwa na miaka 28. Uzee hakuuona. Miaka yake ya mwisho ni ile ya kuanzia 2006, alipotoka kwenye tamthilia na kuwa mfalme wa Bongo Movie, na humo ndimo jina lake lilimojengwa likashika.

Watu husema amebaki kwa sababu ya sura na kifo cha ghafla. Sawa, vyote vilichangia. Lakini wapo waigizaji wazuri wa sura waliokufa vijana na leo hakuna anayewataja. Nadhani jibu liko kwenye namna filamu zake zilivyotengenezwa, na ukitaka kuliona, zitazame ukiwa huku Ushetu, mkoani Shinyanga, badala ya Dar.

Hadhira kubwa ya filamu hizo huku ilikuwa kibanda umiza: runinga moja juu ya meza, jenereta linalonguruma nyuma ya ukuta, mabenchi, vumbi, na watu waliotoka shamba la tumbaku au kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Geita. Picha mara nyingi ilikuwa nyeusi kuliko alivyoipiga mpiga kamera. Katika mazingira hayo, sinema inayotegemea mwanga wa kistadi na ukimya imekufa kabla ya kuanza. Kinachofika kwa mtu wa benchi la nyuma ni sauti, na uso uliojaza kioo.

Kanumba alikuwa amefundwa kwa hayo mawili tangu kwenye kundi la maigizo la Kaole Sanaa Group, kwenye tamthilia za Jahazi na Dira zilizorushwa na ITV. Desturi ya Kaole, iliyohamia Bongo Movie, ilikuwa kumpa mwigizaji kisa na mpangilio wa matukio, maneno atayatoa mwenyewe. Ndiyo maana filamu zake zina mazungumzo marefu, watu wawili sebuleni wakilaumiana dakika nyingi bila kamera kuhangaika. Wahakiki wa mjini walizikejeli sebule hizo, na kwa kweli zinachosha. Ila aliyechelewa kuingia kibandani hakupotea: mgogoro mzima ulirudiwa mdomoni mwa wahusika mara tatu nne.

Kilichofuata alikiokota Nigeria. Mwaka 2006 alicheza Dar to Lagos pamoja na mwigizaji wa huko Mercy Johnson, kazi ya mtayarishaji Mtitu Game, na mwaka 2011 akamleta nyota mwingine wa huko, Ramsey Nouah, kwenye Devil Kingdom. Faida haikuwa wageni hao peke yao. Alichukua mfumo mzima wa Nollywood, tasnia ya filamu ya Nigeria: nyota kwanza, hadithi baadaye, uso mkubwa kwenye kasha, kisa kimoja kukatwa vipande viwili ili mtu anunue sehemu ya kwanza kisha arudi kwa ya pili. Devil Kingdom, yenye utajiri wa agano la kishetani, ilipata masikio tayari huku kwetu, ambako mtu akipata dhahabu ghafla majirani huanza kuulizana alipewa masharti gani.

Hatua iliyompa maisha marefu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya 2010. Katika Uncle JJ na This Is It alijiweka katikati ya watoto waigizaji, Patrick na Jennifer, akakubali wamcheke na wamzidi akili. Mpenzi mtanashati akageuka mjomba. Filamu ikatoka kibandani, mahali pa wanaume na vijana, ikaingia sebuleni kwa mama na watoto wake. Watoto wale sasa ni watu wazima, na ndio wanaoitafuta tena YouTube.

Udhaifu wa jengo hili uko kwenye biashara. Mtayarishaji wa enzi hizo aliuza masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa msambazaji wa Dar, Steps Entertainment akiwa mkubwa wao, na kwa kawaida haki ziliondoka na masta. Msambazaji alikuwa na uwezo wa kuzisukuma diski hadi Kahama. Mharamia akazifikisha vijijini zaidi bila kumlipa yeyote. Linganisha na mwigizaji wa Marekani James Dean: alikufa mwaka 1955 akiwa na miaka 24, na filamu zake tatu kubwa zote zilikuwa za Warner Bros, kampuni iliyoendelea kuzionyesha upya kizazi baada ya kizazi. Za Kanumba ni nyingi mno kuliko hizo, ila zilipigwa kwa video, zikabanwa kwenye diski, na nakala nyingi zinazozunguka kwenye simu za Ulowa na Nyamilangano, huku Ushetu, ni nakala ya nakala, uso umevunjika vipande.

Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inailinda kazi ya filamu kwa miaka 50. Uncle JJ basi ina ulinzi hadi karibu 2060. Tepu ya video iliyoachwa stoo ya Kariakoo, kwenye joto na unyevu ule, haina uhakika wa kufika huko, na mwenye wajibu wa kuinakili upya ni yule aliyenunua masta.