Juu ya Sala ya Kuponyesha Kumbukumbu

Kwa miaka mingi sasa, katika vikundi vya kusali vya muji wetu wa Goma, namna moja ya sala imepata wafuasi wengi. Wanaiita «kuponyesha kumbukumbu», ao «uponyaji wa ndani». Wakristu wanaitafuta, watawa wanatuomba mashauri juu yake, na waseminari wetu wakirudi kutoka likizo wanatuuliza: Ni sala ya Eklezya, ao ni kitu kingine? Swali hilo ni la haki, na linangoja jibu. Tutaonyesha kwanza asili ya sala hiyo na ginsi inavyofanywa. Kisha tutatambua mema yake. Halafu tutasema wazi mahali inapopotea. Na mwisho tutakumbusha njia ambayo Eklezya imetupatia tayari.

I. Asili yake na ginsi inavyofanywa

Sala hii haikuzaliwa kwetu, wala haikuzaliwa kwanza kati ya Wakatolika. Aliyeieneza zaidi ni Agnes Sanford, mwanamuke wa Marekani aliyezaliwa China mwaka 1897 katika jamaa ya wamisionari Waprotestanti. Aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya vipaji vya kuponyesha vya Roho Mutakatifu. Tangu mwaka 1967, vikundi vya Karismatiki vilipoanza kati ya Wakatolika wa Marekani, mapadri nao waliipokea. Francis MacNutt, aliyekuwa Mudominikani wakati ule, aliandika juu yake mwaka 1974. Na ndugu wawili, Dennis na Matthew Linn, waliokuwa Wayezwiti, walitoa kitabu mwaka uleule na kingine mwaka 1978. Kwa njia ya vitabu hivyo, na ya mafungo yaliyohubiriwa na wageni, sala hii ilifika mpaka kwetu.

Ginsi inavyofanywa ni hii. Mwenye kusaliwa anakaa kimya na kufunga macho. Mwenye kuongoza anamuomba arudi nyuma katika maisha yake, mwaka kwa mwaka, mpaka utoto, na mara nyingine mpaka tumboni mwa mama yake. Akifika pahali penye kuuma, anaambiwa aangalie vizuri: nani alikuwa pale, nyumba ilikuwa ya namna gani, sauti zilisema nini. Kisha anaambiwa: «Sasa mwone Yezu anaingia. Anafanya nini? Anakuambia nini?» Yale atakayoyaona na kuyasikia yanapokelewa kama jibu la Bwana, na kidonda kinahesabiwa kuwa kimepona.

Tusifiche: sisi pia tuliiongoza sala hii katika miaka ya kwanza ya upadri wetu, kwa moyo mwema na kwa maarifa kidogo. Yale tutakayoyasema hapa tulijifunza kwa hasara ya watu wengine, na kwa sababu hiyo hatuwezi kunyamaza.

II. Mema yake

Si haki kuhukumu kazi bila kutambua mema yake. Tufikiri juu ya muji wetu. Katika Julai 1994 karibu wakimbizi milioni moja walivuka mupaka kutoka Rwanda, na kolera ikaua maelfu katika majuma machache. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya muji na kuharibu katedrale yetu. Moto ulitoka tena tarehe 22 Mei 2021. Vita viliingia mujini katika Novemba 2012, na tena mwisho wa Januari 2025; na katika Februari ile, watu waliokuwa wamekimbilia katika makambi ya pembeni walipaswa kufunga vitu vyao na kuondoka mara nyingine.

Katika muji wa namna hii, wengi hawajaulizwa hata siku moja: «Ni nini kilikupata?» Katekista anauliza kama wamejua mafundisho, mukubwa wa kambi anauliza hesabu ya watoto, padri anauliza kama ndoa imebarikiwa. Wenye kuongoza sala ya kumbukumbu wanakaa chini, wanangoja, wanasikiliza. Kama watu wanawakimbilia wao na kuacha mulango wa padri, kosa la kwanza ni letu.

Tena, vitabu vyenyewe vina hekima mara nyingi kupita wale wenye kuvitumia. Ndugu Linn walifundisha kwamba kusamehe si kazi ya saa moja. Walifuata hatua tano ambazo munganga Elisabeth Kübler-Ross alikuwa amezieleza kwa wagonjwa wenye kungoja kufa, na kati ya hatua hizo hasira iko na pahali pake. Hilo ni neno la kweli: hasira ya mutu aliyezulumiwa si pepo wa kufukuzwa. Lakini katika vikundi vyetu hatua hizo tano zimefupishwa kuwa moja, na ile moja ni kuona picha.

III. Mahali inapopotea

Kwanza: picha si shahidi. Watu wengine watatujibu kwamba hata Mutakatifu Inyasi wa Loyola alifundisha kusali kwa kutumia mawazo ya macho na masikio. Ni kweli, lakini tutofautishe. Inyasi anamuweka musali mbele ya mambo yaliyofanyika kweli katika maisha ya Yezu, ambayo Evanjili inayashuhudia na Eklezya inayalinda. Hapa, mutu anaingia peke yake katika maisha yake mwenyewe, pasipo maandiko na pasipo shahidi, na anaombwa kuongeza ndani yake jambo ambalo hakuliona siku ile. Kwamba Mungu alikuwa pale, hatuna shaka. Mungu yuko pahali pote. Lakini maneno na matendo tunayomupa Yezu katika picha ile yanaweza kuwa ya tamaa yetu, ya hofu yetu, ao ya yule mwenye kutuongoza.

Na kumbukumbu ya mutu ni laini kupita tunavyowaza. Mwaka 1995, huko Marekani, mwalimu Elizabeth Loftus na mwenzake Jacqueline Pickrell walichukua watu 24, wakawapa hadisi ine za utoto wao. Tatu zilikuwa za kweli, zilizosimuliwa na jamaa zao. Moja ilikuwa ya uongo, kwamba walipotea katika nyumba kubwa ya maduka walipokuwa wadogo. Karibu mutu mumoja katika wanne alifikia kukumbuka jambo lile ambalo halikufanyika. Hawakuwa waongo, waliulizwa tu mara nyingi na watu waliowaaminia. Tena pale hapakuwa na nyimbo, wala kufunga chakula, wala mutu mwenye kusema kwa jina la Roho Mutakatifu.

Mama mumoja alikuja kwetu kwa sababu hakupata usingizi tangu alipokimbia vita. Alitusimulia mambo yake inje ya kitubio, na alituruhusu tuyaseme pasipo jina. Katika sala, mumoja wetu alisema kwamba anaona mwanamuke muzee karibu na kitanda cha mutoto. Mama hakuona kitu. Tulimwambia atafute vizuri. Siku ya tatu aliona: ni shangazi yake, yule aliyemulea. Siku ya sita alijua hata rangi ya kitambaa cha kichwani. Hakuna aliyetamka kwamba shangazi ni mulozi. Lakini kwetu neno hilo halingoji kutamkwa. Mbele mwezi haujaisha, yule muzee alikuwa analala kwa majirani, na wajukuu walikatazwa kupokea chakula mukononi mwake. Tulipokwenda kumwona hakutulaumu. Aliuliza tu: «Padri, mulimwona Yezu kweli akinionyesha kwa kidole?» Hatukuwa na jibu. Amri ya nane inakataza kumushuhudia mwenzetu uongo, na haisemi kwamba ni ruhusa kama tunafanya hivyo katika sala.

Pili: picha inapita haraka juu ya uovu. Mwanamuke mwingine alikuwa ametendewa jeuri na mutu mwenye silaha. Katika sala alimwona Yezu akimufunika na kitambaa cheupe. Alipata amani kwa majuma matatu, na hatuzarau amani ile. Kisha siku moja sokoni alimwona yule mutu, muzima, akicheka na wenzake. Magoti yalimwishia nguvu. Aliporudi kwa kikundi walimwambia kwamba imani yake ni kidogo, kwamba amefungua tena mulango uliofungwa. Alituambia: «Zamani nilikuwa na kidonda kimoja, sasa niko na viwili, maana hata yule Yezu niliyemwona nimemupoteza.»

Mutakatifu Yoane wa Musalaba angalimusaidia kupita sisi. Katika kitabu cha tatu cha Kupanda Mulima wa Karmeli anafundisha kwamba kumbukumbu inasafishwa kwa matumaini, si kwa kukusanya maono. Hata ono likitoka kwa Mungu, anasema, faida yake inaingia rohoni bila sisi kushikamana na picha. Mwenye kusimama juu ya picha anaanguka siku picha inapofutika. Mwenye kusimama juu ya Mungu anaweza kutetemeka sokoni na bado kuwa muamini. Kutetemeka kwake hakukuwa ukosefu wa imani. Mwili wake ulikuwa unasema ukweli: kwamba uovu ulifanyika, na kwamba haki haijafanyika.

Tatu: yote yanageuka kuwa kidonda. Tumesikia watu wakisema juu ya wivu, uzinzi na ulevi wao kwamba ni majeraha ya utoto tu. Ni kweli kwamba jeraha linaweza kupunguza uzito wa kosa. Teolojia ya maadili inafundisha hivyo tangu zamani. Lakini mutu aliye kidonda kitupu hana tena uhuru, na asiye na uhuru hawezi kuongoka. Tunazani tumemuhurumia, kumbe tumemunyanganya heshima ya mwana anayeweza kusimama na kurudi kwa Baba yake.

IV. Njia tuliyo nayo

Je, Eklezya haina basi dawa ya kumbukumbu? Inayo. Kiini cha Misa yetu ni ukumbusho. Bwana hakutuagiza kusahau mauti yake, wala kuibadilisha kwa picha nzuri. Alituagiza kuikumbuka mpaka atakaporudi. Na alipofufuka hakuja na mwili usio na alama: alimuonyesha Tomasi mikono na ubavu. Mapigo yalikuwa pale, lakini hayakuwa tena na nguvu ya kumuua.

Tuangalie vilevile Yozefu wa Misri. Mutoto wake wa kwanza alimwita Manase, kwa maana Mungu alimusahaulisha taabu zake zote. Lakini ndugu zake walipokuja kutafuta ngano, alikumbuka kila kitu, na alijificha chumbani akalia. Hakuwaambia kwamba hawakufanya kitu. Aliwaambia wazi kwamba walikusudia mabaya, na kwamba Mungu aliyageuza kuwa mema. Msamaha wa kweli unalitaja kosa kwa jina lake, kisha unalisamehe.

Kwa wenzetu mapadri na kwa waseminari, tunatoa basi mashauri haya.

Wenye mateso wasikilizwe. Na katika kuwasikiliza tuulize yale waliyoyaona, tusiwaambie yale tunayoyaona sisi. Kitabu kilichotolewa Nairobi mwaka 2004 na Paulines kwa ajili ya makanisa ya Afrika, juu ya kuponyesha vidonda vya moyo, kinafundisha maswali matatu tu: Ni nini kilifanyika? Ulisikia nini moyoni? Ni nini kilikuwa kigumu kupita yote? Ni maswali ya mutu mwenye kusikiliza, si ya mwenye kutafuta maono.

Hakuna mutu atakayetajwa, wala kuonyeshwa kwa dalili, kuwa chanzo cha mabaya ya mwengine kwa sababu ya ono la sala. Mwenye kuvunja sharti hili aondolewe katika kazi ya kuongoza.

Maagizo ya Roma ya tarehe 14 Septemba 2000 juu ya sala za kuomba uponyaji yasomwe katika kila kikundi. Yanatambua haki ya kila mukristu ya kuomba apone. Yanaziweka sala hizo chini ya uangalizi wa askofu. Na yanakataza kelele za wazimu na maonyesho ya kushangaza watu.

Sala isichukue pahali pa munganga wala pa hakimu. Kule Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na munganga Denis Mukwege, inawashurulikia wanawake waliotendewa jeuri kwa njia ine pamoja: dawa za mwili, musaada wa moyo, musaada wa kupata maisha, na musaada mbele ya sheria. Mutu ni mumoja, na Mungu anamuponyesha muzima. Yule mwanamuke wa sokoni, tulipoacha kumuambia afunge macho, alituomba jambo moja tu: tumusindikize kwa mutu wa sheria. Tulimusindikiza. Na siku hizi anasali kupita sisi.

Na yule shangazi? Ilitupasa kwenda mara nyingi, na kukiri mbele ya jamaa nzima kwamba tulikosa. Wengine walikubali, mwengine mumoja anakataa hata leo. Neno lililotoka kinywani mwa padri halirudi kwa urahisi.

Wenye kukaa Goma wanajua ginsi tunavyofanya na mawe ya Nyiragongo. Hakuna aliyeweza kuyaondoa. Yalifunika mbalabala na nyumba, na yalibaki. Watu waliyapasua kwa nyundo, siku kwa siku, wakayapanga kuwa kuta, na ndani ya kuta hizo wanalala watoto. Ndivyo tunavyoomba neema ifanye na kumbukumbu zetu. Tusimuombe Mungu atuonyeshe muji ambao moto haukupita. Tumuombe nguvu ya mukono, na ukweli wa kinywa, na wenzetu wa kutusaidia kubeba mawe.