Kuungua kwa Niaba ya Mkono

Wali wa kupalia na mkate wa kumimina vina sharti moja: moto hukaa juu pia. Makaa hutangulia chini, mengine hupangwa juu ya kifuniko, na anayetaka kuchungulia kama umeiva hana budi kukiinua kifuniko hicho pamoja na makaa yake, sawasawa, bila kukiinamisha, maana kaa moja likidondoka ndani, jasho lote la kukuna nazi limepotea. Hapo ndipo mkono unapotafuta msaada. Kwa wengi wetu msaada huo ni ncha ya kanga tuliyojifunga, au tambara lolote lililo karibu. Wapo pia wanaojisifu kwamba vidole vyao vimekwisha kuzoea, wakaepua kwa mikono mitupu na kupuliza vidole baadaye. Siwabishii. Nimeyaona makovu yao.

Ninachotaka kukisifu ni kitu kidogo kisichosifiwa na mtu: glavu ya jikoni iliyoshonwa nyumbani kwa kanga kuukuu na taulo kuukuu, fupi, inayoishia kwenye kifundo cha mkono. Jirani yangu wa Ngamiani, Tanga, ana jozi kadhaa zinazoning'inia msumarini kando ya mlango wa uani. Mtaa mzima unamwita Bibi, hata wanaomzidi umri. Hivi karibuni alijiwa na binti wa barabara ya pili, amemaliza kidato cha nne, anataka kujifunza kushona na hajui aanzie wapi. Bibi akamwambia ataanzia jikoni. Nami nikajipa kisingizio cha gazeti, nikakaa barazani nitazame.

Kazi haikuanza na mkasi, ilianza na kiberiti. Furushi la matambara lilimwagwa mkekani, binti akaambiwa avute uzi mmoja katika kila kipande na auwashe. Uzi wa pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, huacha jivu laini la kijivu ambalo ukilipuliza halipo. Uzi wa polista haukubali kuwa jivu. Hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, kisha hubaki kitone kigumu mfano wa punje ya pilipili manga. Bibi alingoja kitone kimoja kipoe, akamwekea binti kiganjani.

"Hiki ndicho kingekaa kwenye ngozi yako, mjukuu wangu. Na hakibanduki peke yake."

Kiberiti kile kilinifundisha kuliko vitabu. Polista huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 250 za Selsiasi, na kaa jekundu limezipita hizo mbali sana. Pamba haiyeyuki: huungua, hunuka, na harufu yake hukuwahi wewe kabla moto haujakufikia, ukapata nafasi ya kuitupa chini. Kwa mtihani huo zaidi ya nusu ya furushi liliwekwa kando. Foronya zilianguka, fulana zilianguka, na binti akashika kinywa alipoona kanga aliyonunuliwa Idi iliyopita nayo ikijikunja kwenye njiti. Akapendekeza wajazie usufi wa mto wa zamani, kwa kuwa ni mwepesi na una joto. Bibi akapiga kelele. Usufi hudaka cheche moja tu na kuisambaza, na jikoni kwa makaa huo si ujazo, ni utambi. Uachwe mitoni, alisema, japo mitoni nako siku hizi wamejaza sponji.

Basi ikawa kanga nje, marekani ndani upande wa kiganja, na katikati tabaka mbili za taulo la pamba. Nilidhani unene wa nguo ndio unaozuia joto. Kumbe ni hewa iliyofungiwa ndani ya vile vishungi vya taulo, na ndiyo maana glavu iliyolowa ni adui: maji yakichukua nafasi ya hewa hupitisha joto zaidi ya mara 20, kisha yanageuka mvuke huko huko ndani na mkono umo. Kwa Bibi, glavu iliyomwagikiwa mchuzi haina mjadala, inaanikwa na kuchukuliwa nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo mistari ya kudarizi, ile ya mshazari inayofunga tabaka zisihame, haipaswi kusongamana. Ukiisongeza umeibana hewa yote ikatoka, umebaki na nguo ngumu isiyokinga kitu. Ukiitawanya mno, taulo linakusanyika kwenye ncha za vidole. Bibi hupima kwa vidole viwili. Mkono wake ulikomaa kwenye kofia, zile za kushonwa kwa sindano na uzi zinazotobolewa tundu moja moja na kuzungushiwa uzi, kazi ambayo Unguja na Lamu huchukua wiki, pengine miezi, kwa kofia moja. Mtu aliyetoka huko hahitaji rula kwa ajili ya glavu.

Binti alichora mkono wake juu ya gazeti (langu, lakini tuyaache hayo) akifuata vidole kwa karibu, na Bibi akamwacha. Glavu ilipokatwa na kujazwa, ikamtosha mtoto wa chekechea. Taulo hula nafasi. Kiolezo lazima kizidi mkono kwa upana wa gumba kila upande, na binti hatakisahau kipimo hicho kwa kuwa hakuambiwa mapema. Glavu ya pili waliipiga bandi kwanza kwa uzi mweupe, ndipo ikapelekwa kwenye cherehani ya mkono, Singer nyeusi ambayo maua yake ya dhahabu yamefutika pale kiganja kinapopita. Unapounganisha pande mbili za glavu unashona tabaka nane kwa pamoja. Sindano namba 16, mshono mrefu kidogo, na mpini unazungushwa taratibu kiasi kwamba unaisikia sindano ikipenya kila tabaka. Mwenye pupa huvunja sindano, na vipande vya sindano hurukia macho.

Lakini ustadi wote wa glavu umo kwenye panda ya gumba. Hapo mshono unapinda ghafla, na nguo isipochanjwa haitakubali kugeuzwa. Ukichanja pungufu, glavu ikigeuzwa inajikunja na gumba halipiti. Ukizidisha, ncha ya mkasi inagusa uzi, na huwezi kujua leo. Utajua siku cheche itakapopita hapo hapo. Bibi alimfanya binti aishone panda ile mara mbili, mshono juu ya mshono, kisha akamwambia aingize ncha ya mkasi polepole mpaka abakishe nyuzi mbili tatu za kitambaa. Binti alikuwa ameacha kupumua. Mimi pia. Huyu ni msichana ambaye simu yake ina picha nyingi kuliko msahafu una herufi, na dakika ile hakuna aliyekumbuka kupiga picha. Mkasi ukaingia, ukatoka. Glavu ikageuzwa, gumba likatokeza zima, na Bibi akaipitisha pasi ya mkaa kwenye ukingo tu, asibane taulo. Ikabaki kuizungushia mdomoni ukanda wa kanga uliokatwa mshazari, ili upinde bila kukunjamana, na kuitia kitanzi cha kutundikia.

Naomba nikae kidogo kwenye hiyo kanga. Tunajua inavyoingia nyumbani: ya zawadi, ya harusi, ya arubaini, doti nzima ikiwa na gundi bado. Huvaliwa ikiwa ngumu, ikafuliwa mpaka ikalainika, ikawa ya kulalia, ikambeba mtoto mgongoni, ikakatwa nepi, ikawa ya kufutia vyombo. Kila hatua ni ya chini kuliko iliyotangulia, na hakuna aliyewahi kuona fedheha katika hilo. Glavu ni kituo kimoja kabla ya dekio. Nami napenda kwamba kwenye kituo hicho kanga bado huongea, ingawa kwa kukatizwa. Mkasi hauheshimu jina la kanga. Hupita katikati ya usemi na kuacha unachoacha. Glavu moja ya Bibi imebakiwa na neno HAYAWEZI kuanzia kidole kidogo mpaka kifundo, mapenzi na kikohozi vyote vikiwa vimeenda na kipande kingine. Nyingine ina pindo tupu na nusu ya korosho. Aliyeinunua kanga ya HAYAWEZI ni marehemu dada yake, na aliinunua kwa kumkomoa mtu. Ugomvi wenyewe umekwisha, na waliogombana wamekwisha, na neno bado linaepua sufuria.

Historia ya vitu hivi vilivyolala mkekani ni ndefu nami nitairukaruka. Marekani iliingia kwa majahazi makubwa ya Salem, Massachusetts, na biashara ikanenepa baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851. Kanga zilifuata katika nusu ya pili ya karne hiyo, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lile lenye chapa ya Mali ya Abdulla, linahesabu umri wake kuanzia 1887. Halafu kukawa na miaka ambayo tulidhani tutavaa cha kwetu: Urafiki ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, ikisokota, ikifuma na kuchapa. Leo kanga nyingi sokoni zinatoka India, na sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga husafirishwa nje haijasokotwa hata uzi mmoja.

Shule nazo zilikuwa na sehemu yao. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mtoto atoke darasani akiwa na kitu mikononi, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza Kenya mwaka 1985 ulikuja na upishi, ushonaji na useremala kwa watoto wa msingi. Walimu walilalamika, wazazi walilalamika zaidi kwa sababu ya vifaa, na masomo hayo yakasogezwa pembeni. Huenda walikuwa na haki. Ila nilimtazama binti mwenye miaka 11 ya shule akilamba uzi na kulikosa tundu la sindano mara kwa mara, anayejua kutaja sehemu za ua kwa Kiingereza, nikajiuliza ni nani hasa aliyeokoa gharama.

Glavu za dukani zipo, tena za bei rahisi. Zinatandazwa chini karibu na stendi, zinang'aa, zina picha za matunda yasiyoota kwetu. Ndani zimejazwa kitu chepesi kama hakuna. Kwa oveni ya umeme ya nyuzi 180 zinajitahidi. Kwenye kifuniko chenye makaa ni ule mtihani wa kiberiti, safari hii mkono ukiwa ndani ya kitambaa. Anayeziuza hajui zimetengenezwa kwa nini, anayenunua haulizi, na haya ndiyo yanayonichosha: tumekuwa watu wa kushika nguo bila kuuliza ni nguo gani. Bibi huipima kwa kuisugua kati ya vidole, akisikiliza. Sisi tunasoma bei.

Najua nitaambiwa makaa yenyewe yanaondoka. Ni kweli. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034, na sina ugomvi nao. Macho na vifua vya mama zetu vimelipa vya kutosha. Lakini gesi haikai juu ya kifuniko. Mkate wa kumimina utaendelea kuwepo, utaiva kwenye oveni, utakuwa sawa pande zote, na lile gamba la juu lenye madoa meusi ya makaa yaliyokaa sehemu moja muda mrefu litasimuliwa na watu wanaozeeka.

Binti alitaka kushona jozi ya pili, ya mama yake. Alirudi kwao kutafuta nguo kuukuu ya pamba, na kiberiti mkononi alipekua kabati, kamba ya kuanikia na sanduku la mashuka. Taulo zilikuwa za nyuzi za plastiki, shuka zilijikunja, sare za shule zilitoa kitone. Nyumba nzima haikuwa na kitu cha kuungua vizuri. Basi akaenda dukani, akachagua kwa uangalifu, akauchoma uzi mbele ya mwenye duka aliyekasirika, akapata kanga ya pamba safi, akaja nayo kwa Bibi ikiwa bado na mkunjo wa dukani.

Bibi aliipapasa, akaisifu, akaficha mkasi nyuma ya mgongo. Kanga mpya haikatwi. Akaivae kwanza, alimwambia, aifue mpaka ilegee, abebee mtoto Mungu akimjalia, kisha arudi nayo.

"Bibi, hiyo si miaka?"

"Ni miaka, ndiyo."

Binti alicheka, akambusu mkono, akaaga. Jioni hiyo alipita stendi akamnunulia mama yake zile zenye picha za matunda.