Neno Moja, Kasoro Tatu

Tafsiri moja ya mwongozo wa magari hutumia neno "kukwama" kwa kila bolti isiyofunguka. Kosa hilo si dogo. Fundi wa Makoko, Musoma, hutenganisha kasoro tatu. Bolti iliyoganda kwa kutu hutiwa mafuta yapenye, au nati hupashwa moto itanuke. Iliyolika pembe haishikwi na spana. Hugongwa kwa tindo na nyundo. Iliyolika hesi, yaani meno yake ya mzunguko, huzunguka bure bila kutoka, hukatwa. Mwanafunzi aliyeambiwa tu "imekwama" atatumia nguvu pasipostahili, na bolti itakatikia ndani ya injini. Twapendekeza basi: kuganda, kulika pembe, kulika hesi. Mfasiri na apite gereji kabla ya kushika kalamu.