Siku Mbili za Modestine

Mjomba wangu ana punda wawili hapa Misigiri. Asubuhi wanabeba madumu ya maji, na msimu wa mavuno wanavuta mkokoteni wa alizeti. Likizo iliyopita nilipomwambia kwamba nasoma kitabu cha Mzungu aliyezunguka milima ya Ufaransa na punda, aliacha kamba aliyokuwa anasuka, akavuta kigoda.

"Haya, mama, soma."

Kitabu chenyewe ni *Travels with a Donkey in the Cévennes* cha Robert Louis Stevenson, kilichotoka mwaka 1879. Jina lake si geni kwetu: ndiye mwandishi wa hadithi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama *Kisiwa Chenye Hazina*. Mwaka 1878, kabla hajawa maarufu, alinunua punda jike katika mji mdogo wa Le Monastier kwa faranga 65 na glasi ya brandi. Akampa jina Modestine, akambebesha mfuko mkubwa wa kulalia, chakula na vikorokoro vyake, akatembea naye siku 12, yapata kilomita 200, hadi Saint-Jean-du-Gard. Hakutumwa na mtu wala hakuwa na biashara huko. Alitembea kwa ajili ya kutembea.

Makala nyingi za safari tunazosoma leo ni wajukuu wa kitabu hiki: mtu anaendesha gari taratibu kando ya bahari ya Ufaransa, anasimama kila kijiji, ananunua mkate na jibini, analala popote jua linapomkuta. Nami nilikuwa nimeandika ya kwangu. Mwaka jana marafiki watatu tulikodi gari pamoja na dereva, tukatoka Tanga kwenda Bagamoyo kwa kufuata pwani: Pangani, kivuko cha kuvukia Bweni, minazi, mashamba ya mkonge, kisha Saadani ambako hifadhi ya wanyama inagusana na bahari. Makala nikaiita "Bila Haraka". Nilikuja nayo Misigiri niimalizie, na Stevenson nilimbeba kama mwalimu.

Nilimtafuta mwalimu ugenini kwa sababu wasafiri wa zamani wa Kiswahili ninaowajua walisafiri kwa shughuli. Salim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896 akimfuata Mjerumani, Dk. Bumiller, habari zake zimo katika *Safari za Wasuaheli*, kitabu alichokihariri Carl Velten mwaka 1901. Martin Kayamba alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, akarudi kuandika *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Kwa hawa msomaji anajua safari ilikuwa ya nani na nauli ilitoka wapi. Mimi nilitaka safari isiyo na bosi.

Basi nikamsomea mjomba, nikitafsiri papo kwa papo. Alicheka sana mzigo ulipopinduka barabarani, watu wakimtazama Stevenson anavyohangaika. Stevenson naye anajicheka, na hapo ndipo utamu wa kitabu ulipo: haoni aibu kutuonyesha kwamba hajui kufunga mzigo, na kwamba hata njia inampotea. Mwenye nyumba ya wageni alipomtengenezea fimbo yenye ncha ya kumchomea Modestine ili atembee, mjomba hakushtuka. Alitaka kujua tu mzigo ulikuwa na kilo ngapi. Tulipofika mahali ambapo miguu ya mbele ya Modestine imechubuka hadi nyama nyekundu, alinyamaza.

Kuna sura niliyokuwa nimeipigia mstari. Stevenson amelala porini chini ya misonobari, peke yake, nyota juu, Modestine akila majani pembeni. Asubuhi anajihisi ana deni kwa usiku ule mzuri. Anapoondoka anadondosha sarafu kwenye majani, moja moja, hadi anapoona amelipa malazi yake. Nilikuwa nimeandika pembeni: "Zuri mno."

"Kwani msitu ule ulikuwa hauna mwenyewe?" mjomba akauliza.

Nikamwambia Stevenson mwenyewe anatumaini pesa zile hazikuokotwa na tajiri fulani wa mifugo.

"Basi alijua. Aliyetupa hela njiani hajamlipa mtu."

Tukafika mwisho. Pale Saint-Jean-du-Gard, mtunza wanyama anamwangalia Modestine na kusema hafai kuendelea. Anahitaji kupumzishwa angalau siku mbili. Lakini Stevenson anataka kuwahi mji wa Alès, ambako barua zake zinamsubiri, na hapo lipo gari la farasi la abiria linaloondoka mchana uleule. Anamuuza Modestine pamoja na matandiko yake kwa faranga 35, anapanda gari. Njiani, akiisha kukaa kitini, anamkumbuka na kulia.

"Ngoja," mjomba akasema. "Rudia hapo pa siku mbili."

Nikarudia.

"Mtu huyu si umesema hakuwa na haraka?"

Nimekisoma kitabu hiki mara tatu, na nimesoma baadhi ya yaliyoandikwa juu yake. Swali hilo sikuwa nimelifikia. Siku 12 Stevenson anajitangaza kuwa mtu mwenye nafasi, anayesimama anapotaka. Kumbe nafasi hiyo ilikuwa yake peke yake. Aliyembebea mzigo alipohitaji siku mbili, saa ikaonekana ghafla. Machozi yake siyaiti ya uongo. Ila yalikuja akiwa ameshapanda gari, mahali ambapo hayakumgharimu chochote.

Nilifunga kitabu nikaifungua makala yangu, kwa sababu nilijua ninachokwenda kukuta, yaani ambacho sitakikuta. Siku ya tatu ya safari yetu, baada ya kuvuka Pangani, dereva alituomba tupite kijijini kwao. Mama yake alikuwa anaumwa na hawakuonana tangu Idi. Alisema nusu siku inatosha. Tulitazamana. Chumba Bagamoyo tulikuwa tumeshalipia, na mmoja wetu alitaka kuwahi machweo ya kupiga picha. Tukamwambia labda wakati wa kurudi, tukijua kwamba sisi tutarudi kwa basi. Akasema, "Sawa, dada, hakuna shida," akakanyaga mafuta.

Katika makala yangu siku ya tatu ina aya nne. Zina minazi, zina wavuvi wanaokokota nyavu, zina upepo. Dereva hayumo. Mahali alipokuwa, nimeandika kwamba gari "lilijiendea lenyewe".

Hapo ndipo Stevenson anaponishinda, na sizungumzii ufundi wa sentensi. Siku mbili za Modestine tunazijua kwa sababu yeye mwenyewe ametuambia. Angeweza kuandika kwamba punda alichoka wakaagana kwa huzuni, nasi tungemwamini. Badala yake ameacha ushahidi dhidi yake mwenyewe juu ya meza, hadi mfuga punda wa Misigiri, miaka zaidi ya 140 baadaye, akaweza kuushika na kumuuliza swali. Simsamehe kwa hilo. Ila kitabu chake ni kizima, na makala yangu ina tundu nililolifukia kwa minazi.

Tangu siku hiyo kila makala ya safari isiyo na haraka naisoma nikitafuta nani mwingine yumo ndani ya saa ile. Hapa kwetu jambo hilo linaonekana kwa macho. Misigiri ipo kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, pale inapochepuka njia ya Kiomboi. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana, yakielekea kuteremka Sekenke. Abiria wa basi anatuona dirishani, akiwa amekaa, na anaweza kuandika kwamba mji huu umetulia. Dada anayemuuzia dumu la mafuta ya alizeti anakimbia pembeni ya basi, mkono juu, anadai hela yake kabla dereva hajabadili gia.

"Bila Haraka" sijaipeleka kwa mhariri. Nimempigia simu yule dereva. Mama yake amepona, anasema, na yeye alikwenda kumwona wiki mbili baadaye kwa nauli yake. Nilimuuliza jina la kijiji, akanitajia, kisha akauliza nalitakia nini. Nikamwambia nataka kuandika upya siku ya tatu.

"Andika tu, dada," akasema. "Ila useme niliomba."