Ufundi wa Kuketi Pamoja

Siddhartha Gautama, yaani Buddha, aliamka kiroho akiwa peke yake chini ya mti kule Bodh Gaya, na sanamu zake zimewafanya wengi waamini kwamba kutafakari ni shughuli ya mtu mmoja na pumzi zake. Sanamu hazionyeshi alichofanya baadaye: alifunga safari hadi Sarnath kuwatafuta wenzake watano wa zamani, na jumuiya ya watawa ikaanzia hapo. Kanuni za jumuiya hiyo zinamfunga mtawa kwa wenzake kila upande. Mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiwa mchanga, hukutana kuzisoma kwa sauti, na wakipungua wanne kisomo kamili hakifanyiki. Msimu wa mvua hutulia mahali pamoja kwa miezi mitatu. Maandiko ya Kibudha ya lugha ya Kipali yanasimulia kwamba mtawa Ananda alimwambia Buddha, mwalimu wake, kuwa urafiki mwema ni nusu ya maisha ya utawa. Akajibiwa kuwa amepunja, ni maisha yenyewe yote.

Kwa nini iwe hivyo, ilhali hakuna awezaye kumvutia mwenzake pumzi? Jibu linaonekana katika kumbi za kutafakari za Zen, tawi mojawapo la Ubudha, hasa za madhehebu ya Soto. Ubao hugongwa kwa nyundo kuwaita watu. Kila mmoja huinamia mto wake, huketi akiuelekea ukuta, kengele hulia mara tatu, kisha kwa kama dakika 40 hakuna la kufanya. Baadaye hutembea kwa mstari, nusu hatua kwa kila pumzi, ndipo waketi tena. Fundi hapa ni mshika kengele. Magoti yanamuuma kama wengine, lakini saa ya wote iko mkononi mwake. Akiipiga mapema kwa huruma, amewanyima walichokuja kukitafuta. Nyumbani, goti likianza kuwaka, akili hukumbuka sufuria jikoni au simu ya kupigwa, na mtu huinuka akiwa na sababu nzuri kabisa. Ukumbini sababu hizo humjia vilevile, ila uamuzi wa kuinuka si wake tena. Hana budi kuzitazama zikichomoza, ziking'ang'ania, zikinyauka. Kwa hiyo sikubali kwamba kundi huleta utulivu. Mara nyingi huleta kikohozi cha jirani na tumbo linalonguruma. Linachompa mtu ni muda wa kuifuata fadhaa yake hadi inapoishia.

Atasema mtu: huyo hatafakari, anaona haya tu kuinuka mbele za watu. Ni kweli, na sioni ubaya. Mafundisho ya Kibudha yenyewe yanaitaja haya, pamoja na woga wa kutenda ovu, kuwa walinzi wawili wa ulimwengu. Msomaji wa pwani hatashangaa. Anajua ni wangapi huamka alfajiri kwa sababu safu msikitini inawangoja. Haya humfikisha mtu mlangoni, na kazi inayobaki ni yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba anayezoea kutoinuka mpaka aruhusiwe anaweza kuzoea utii usiofaa. Hofu hii ina ushahidi. Kituo cha Zen cha San Francisco, kilichoanzishwa mwaka 1962 na Shunryu Suzuki, kilitikiswa mwaka 1983 na mwenendo wa mrithi wake, na wengi walijilaumu kwa kunyamaza muda mrefu. Lakini chanzo sikioni katika kuketi pamoja. Kilikuwa katika madaraka yaliyorundikwa kwa mtu mmoja, kinyume kabisa na desturi ya ukumbini, ambako kazi hupokezanwa: aliyepiga kengele leo kesho anapika wali au anafagia ua, na aliyejiunga juzi atafundishwa kuigonga. Kituo hicho baadaye kiliwawekea wakuu wake muhula wenye kikomo, yaani kiliupeleka uongozi kwenye utaratibu ambao mshika kengele alikuwa akiufuata siku zote. Ningemshauri anayetafuta kundi la kuketi nalo asianze kwa kuuliza sifa za mwalimu. Aulize kwanza kengele hushikwa na nani, na kwa muda gani.